Kaboni katika Maji ya Goma: Mjadala wa Sauti Nne

Swali linalojadiliwa katika makala haya linaonekana dogo, lakini matokeo yake yanagusa kila nyumba iliyo kati ya mlima Nyiragongo na ufuko wa Ziwa Kivu: je, mji wa Goma, ambao maji yake ya kunywa hutegemea ziwa hilo, unahitaji kupima jumla ya kaboni ogani ili kujua hali ya maji hayo, au kipimo hicho ni anasa ya nchi zilizokwisha kukisahau kipindupindu? Wanaojibu ni sauti nne zisizo na majina, kwa kuwa haziwakilishi watu mahususi bali misimamo ambayo yeyote aliyeshughulika na maji katika mji huo ataitambua mara moja: mkemia wa maabara, daktari wa afya ya umma, mhandisi wa maji, na mama anayewasemea wale wachotao ufukweni kwa mabidoni, yaani madumu ya maji.

Istilahi yenyewe yahitaji maelezo kwanza. Kaboni ogani ni ile iliyofungamana ndani ya vitu vilivyotokana na viumbe hai au vilivyoundwa viwandani kwa kemia ya namna hiyohiyo, kama vile mwani, majani yaliyooza, kinyesi na mkojo, sabuni, mafuta ya injini na dawa za kuua wadudu. Kaboni isiyo ogani, kwa upande wake, ni ile iliyomo katika gesi ya dioksidi ya kaboni iliyoyeyuka majini na katika chumvi zake, hasa bikaboneti, ambazo chimbuko lake mara nyingi ni miamba na volkano. Mashine ya kupimia jumla ya kaboni ogani haijali ni kitu gani kilichoingia majini: huunguza kila kilicho ogani katika sampuli, ama kwa joto la nyuzi 680 na zaidi kwa msaada wa kichocheo cha platini, ama kwa mwanga wa urujuanimno ukishirikiana na kemikali iitwayo pasalfeti, kisha huipitisha dioksidi ya kaboni iliyozaliwa mbele ya kigunduzi cha miale ya infraredi na kuisoma kwa miligramu za kaboni katika kila lita. Maji yakichujwa kwanza kwa kichujio chenye vitundu vya mikromita 0.45, kinachosomwa ni kaboni ogani iliyoyeyuka peke yake. Yasipochujwa, chembe zinazoelea nazo huhesabiwa.

Mkemia: Mji uliojengwa juu ya lava hauwezi kuorodhesha uchafu wake. Goma haina mtandao wa mabomba ya majitaka. Vyoo vya shimo huchimbwa kwa taabu katika mwamba mgumu, na kinachomiminwa ndani yake hupotelea katika nyufa ambazo hakuna ramani inayozionyesha. Hata mito haipo upande huu wa ziwa, kwa sababu mvua hunyonywa na mwamba na kuibuka tena chini ya maji kama chemchemi, hivi kwamba haiwezekani kusimama darajani na kunyoosha kidole mahali uchafu unapoingilia. Penye hali hiyo panafaa kipimo kinachojumlisha kila kitu, na tena hiki ni chepesi kuliko vilivyokitangulia. Kipimo cha oksijeni inayotumiwa na bakteria, ambacho tume ya kifalme ya Uingereza ilikitia nguvu mwanzoni mwa karne ya 20 kwa ajili ya mito ya nchi hiyo, hudai siku tano za kungoja katika nyuzi 20; kile cha oksijeni ya kikemia hudai dikromati, asidi kali, fedha na zebaki, na huacha taka yenye sumu ambayo Goma haina pa kuitupa. Mashine ya kaboni hutoa jibu kwa dakika chache.

Daktari: Goma haijawahi kuzika watu kwa sababu ya miligramu za kaboni. Julai 1994, wakimbizi wa Rwanda kati ya 500,000 na 800,000 walipoingia mjini na viungani kwa muda wa siku chache, karibu watu 50,000 walikufa katika mwezi wa kwanza, wengi wao kwa kipindupindu na kuhara damu, na maji ya ziwa yaliyonywewa bila kutibiwa yalikuwa miongoni mwa njia kuu za maambukizi. Mkemia na aipige hesabu mwenyewe. Lita moja yenye bakteria milioni moja wa kipindupindu hubeba, katika miili ya bakteria hao wote, takriban sehemu moja ya elfu kumi ya miligramu ya kaboni, ilhali mashine nzuri huanza kuona kuanzia sehemu chache za mia za miligramu. Kijiko kimoja cha sukari, kwa upande mwingine, chenye gramu nne au tano, kikikorogwa katika tangi la lita 1,000, huongeza kaboni ogani kwa miligramu 2 hivi katika kila lita. Kipimo kinachopiga kelele kwa sukari na kunyamaza kwa kipindupindu kinamfaa nani Goma?

Pingamizi la daktari halina jibu, na ni afadhali lisitafutiwe. Hakuna kiasi cha kaboni ogani, kikubwa au kidogo, kinachothibitisha kwamba maji hayana vijidudu, na yeyote anayekiuza kipimo hiki kama cheti cha usalama wa maji anapotosha. Kinachothibitisha jambo hilo, kwa kadiri lithibitikavyo, ni kukosekana kwa bakteria Escherichia coli katika mililita 100 za maji, pamoja na klorini iliyobaki ndani yake wakati yanapofika kwa mnywaji. Lakini hapo hapo, katika neno hilo la klorini, ndipo mjadala unapogeuka, na anayeugeuza ni mhandisi.

Mhandisi: Daktari anasema kweli, lakini silaha anayoitegemea huliwa njiani. Klorini inayotiwa majini haiendi moja kwa moja kwa bakteria. Hukutana kwanza na kila kilicho tayari kuoksidishwa, na katika maji ya ziwa kitu hicho huwa hasa ni mata ogani. Sehemu inayoliwa huitwa uhitaji wa klorini, na inayosalia ndiyo klorini huru iliyobaki, ambayo Shirika la Afya Duniani linataka isipungue miligramu 0.5 kwa lita baada ya nusu saa, katika maji yenye pH iliyo chini ya 8. Sharti hilo la mwisho ni gumu hapa, maana maji ya juu ya Ziwa Kivu yana pH inayokaribia 9, na katika hali hiyo karibu klorini yote imekuwa ioni ya hipokloriti, iliyo dhaifu, huku asidi ya hipoklorasi, muuaji hasa wa vijidudu, ikibaki asilimia 3 au 4 tu. Kwa hiyo ziwa humpunguzia mhandisi nguvu mara mbili: mara ya kwanza kwa pH, ambayo haiwezi kubadilishwa kwa bei nafuu, na mara ya pili kwa mata ogani, ambayo kiasi chake hubadilika kutoka mahali hadi mahali na msimu hadi msimu. Mhudumu wa kituo cha klorini ufukweni, anayetia dawa kwa sindano katika kila bidoni kabla halijapandishwa kwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, akitumia dozi ileile kwa maji maangavu na kwa maji yaliyochafuka baada ya mvua, atakuwa amewapa watu maji ya aina mbili akidhani ni aina moja.

Daktari: Basi na apime klorini iliyobaki. Kidonge kimoja, kichupa chenye rangi za kulinganisha, dakika moja. Ya nini kuunguza maji kwa nyuzi 680 ili kujua jambo ambalo rangi ya waridi imekwisha kulisema?

Mkemia: Rangi ya waridi husema kilichobaki, haisemi kwa nini kimepungua, wala haisemi kesho kitapungua kiasi gani. Anayejua kwamba kaboni ogani mahali pa kuchotea maji imepanda maradufu ndani ya wiki mbili atajua pia kwamba kuna kitu kimeanza kuingia, hata kabla klorini haijashindwa.

Hoja hii ya mkemia ni nzuri, lakini inasimama juu ya dhana kwamba kaboni ogani ya Ziwa Kivu inaweza kupimwa kwa uhakika, na dhana hiyo inastahili kuchunguzwa kwa kirefu kuliko jambo lingine lolote katika mjadala huu, kwa sababu Ziwa Kivu halifanani na maziwa ambayo vitabu vya maabara viliandikwa kwa ajili yake. Katika vilindi vyake, vinavyofika mita 485, zimehifadhiwa takriban kilomita za ujazo 300 za dioksidi ya kaboni na 60 za methani, ambayo upande wa Rwanda huvutwa na mtambo wa KivuWatt kuzalishia umeme. Tabaka la juu, lenye kina cha mita 60 hivi wakati wa upepo wa kiangazi, halina gesi hizo kwa wingi wa kutisha, lakini lina bikaboneti nyingi mno zilizoletwa na chemchemi za volkano, kiasi cha milimoli 12 hivi katika kila lita, ambazo zikigeuzwa kuwa uzito wa kaboni peke yake zinakaribia miligramu 144. Kaboni ogani iliyoyeyuka, kwa vipimo ambavyo watafiti wa ikolojia wamevichukua katikati ya ziwa, ni miligramu 2 hivi. Kwa maneno mengine, katika kila sehemu 70 na zaidi za kaboni zilizomo katika maji ya Kivu, ni sehemu moja tu iliyo ogani. Wakazi wa Goma wanaijua kaboni ya volkano kwa sura nyingine, ile gesi nzito ya mazuku inayolala mabondeni na kuua mbuzi, mbwa na wakati mwingine watoto. Majini haiui mtu, lakini huua vipimo.

Namna inavyoviua hueleweka kwa hesabu ya shule ya msingi. Njia moja ya kupata kaboni ogani ni kupima kaboni yote, kupima isiyo ogani, kisha kutoa ya pili katika ya kwanza. Katika maji ya Kivu hesabu hiyo ni 146 kutoa 144. Mashine ikikosea kwa asilimia moja tu katika kila upande, kosa ambalo maabara nyingi zingelionea fahari, jumla ya makosa hayo mawili yaweza kukaribia miligramu 3, yaani zaidi ya kile kilichotafutwa. Jibu laweza kutoka sifuri, laweza kutoka 4, na yote mawili yakawa ya haki.

Mkemia: Ndiyo maana njia hiyo haitumiki penye bikaboneti nyingi. Sampuli hutiwa asidi hadi pH ishuke kufikia 2 au chini yake, bikaboneti zote zikageuka gesi na kutoka kwa mapovu kama ya soda iliyofunguliwa, kisha hupulizwa kwa gesi safi isiyo na kaboni hadi mabaki ya mwisho yaondoke. Kinachobaki ndani ya maji ndicho huunguzwa. Kwa njia hiyo vitu ogani vinavyoyeyuka hewani kwa urahisi, kama baadhi ya viambato vya petroli, hupotea pamoja na gesi, lakini katika maji ya ziwa sehemu hiyo kwa kawaida ni ndogo.

Mhandisi: Na asidi ni kiasi gani?

Mkemia: Kwa Kivu ni nyingi kuliko ilivyozoeleka. Milimoli 12 katika kila lita huishia katika kuzivunja bikaboneti peke yake, kabla pH haijaanza kushuka kwa kweli. Fundi anayefuata kijitabu kilichoandikwa kwa ajili ya maji laini ya Ulaya, akatia matone yake mawili na kuendelea, atasoma bikaboneti na kuziita uchafu.

Hapa ndipo mwandishi wa makala haya anapoona hatari ambayo mkemia ameigusa kwa upole kupita kiasi. Namba ya uongo ni mbaya kuliko kukosa namba, hasa katika mji ambamo namba za maji husomwa na mashirika ya misaada yanayobadilisha wafanyakazi kila baada ya miezi sita, na ambamo taarifa ya «kaboni ogani miligramu 20», iliyozaliwa na asidi haba, yaweza kuhamisha fedha kutoka kwenye klorini kwenda kwenye vichujio ambavyo hakuna aliyevihitaji. Yeyote atakayepeleka maji ya Goma maabara, iwe ndani ya nchi au nje, hana budi kuandika juu ya chupa kwamba ni maji ya Ziwa Kivu na kudai aelezwe jinsi bikaboneti zilivyoondolewa. Jambo la pili ni kwamba ile miligramu 2 ni namba ya katikati ya ziwa, iliyotafutwa na watu waliotaka kujua samaki wadogo waitwao sambaza wanakula nini na methani inatengenezwaje. Si namba ya ufukweni Kituku, ambako mitumbwi hushusha vyakula, nguo hufuliwa na maji ya kunywa huchotwa katika mita zilezile chache. Ziwa limechunguzwa sana kwa ajili ya gesi yake, kwa sababu nzuri, na kidogo sana kwa ajili ya mdomo wa bomba.

Daktari hakubali kwamba hoja imekwisha hapo, maana ana kisa kingine cha kuonya. Mwaka 1974 mkemia Johannes Rook wa Rotterdam alionyesha kwamba klorini ikikutana na mata ogani ya maji huzaa klorofomu na jamaa zake, zinazoitwa kwa pamoja trihalomethani, ambazo zilishukiwa kuleta saratani kwa wanaozinywa kwa miaka mingi. Na tangu hapo kaboni ogani ikapata sifa mpya, ya kuwa malighafi ya sumu inayotengenezwa na dawa yenyewe. Sheria ya Marekani ya mwaka 1998 inayadai mashirika ya maji yanayosafisha maji ya mito na maziwa kwa njia ya kawaida yapunguze kaboni ogani kwa kiwango maalumu ikiwa maji ghafi yana zaidi ya miligramu 2 kwa lita. Ziwa Kivu linasimama karibu kabisa na mstari huo, na pH yake kubwa huongeza uzalishaji wa trihalomethani.

Daktari: Hofu hiyo ikiletwa Goma italeta maafa. Kipindupindu kilipoingia Peru mwaka 1991 na kuwashika watu zaidi ya 300,000 katika mwaka huo mmoja, ilidaiwa kwamba baadhi ya wakuu wa maji walikuwa wamelegeza klorini kwa kuogopa saratani.

Mkemia: Dai hilo lilipingwa. Waliochunguza baadaye waliona kwamba mabomba mabovu, fedha haba na maji yasiyolindwa tangu mwanzo ndivyo vilivyokuwa na uzito, wala si woga wa kemia.

Daktari: Hata kama lilipingwa, linatosha kuonyesha jinsi namba ya maabara inavyoweza kugeuzwa kisingizio. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha klorofomu, lakini limesema wazi pia kwamba uuaji wa vijidudu usidhoofishwe kamwe kwa ajili ya kupunguza mazao hayo. Mtoto wa Goma hatafika umri wa saratani ikiwa maji ya leo yatamuua.

Katika sehemu hii daktari anashinda bila kuhitaji Peru, na mkemia anafanya vyema kutoitetea hoja ya trihalomethani, ambayo ina nafasi yake katika miji yenye maji ya bomba saa 24.

Mama, ambaye amesikiliza muda wote, anauliza maswali mawili tu, na yote mawili ni mazito kuliko yanavyoonekana. La kwanza: namba hiyo ikipatikana, nani ataitangaza, kwa lugha gani, na itambadilishia nini anayebeba lita 20 mgongoni? Januari 2025, vita vilipoingia mjini na umeme ukakatika, pampu zilisimama, na watu walirudi ziwani na mabidoni yao bila kuuliza chochote kuhusu kemia. Mei 2021 lava ya Nyiragongo iliharibu tangi na mabomba ya maji ya mitaa ya kaskazini, na huko pia kilichotafutwa kilikuwa maji, yoyote. La pili: kama maji yatasemwa kuwa mabaya, kuna mengine?

Mhandisi: Mama, hakuna mengine kwa wingi unaotosha. Maji ya mvua hukusanywa, lakini moshi wa volkano huyatia floridi na asidi, na baadhi ya chemchemi za Virunga zina floridi inayozidi miligramu 1.5 kwa lita, kikomo cha Shirika la Afya Duniani, hivyo kwamba meno ya watoto wanaozinywa hutiwa madoa. Ziwa ndilo ghala la mji.

Mama: Basi kipimo kisichoweza kuchagua kati ya maji haya na mengine kisaidie kuchagua mahali pa kuchotea haya. Hilo linaeleweka hata kwa asiyesoma.

Pendekezo la mama linaupa mjadala mwelekeo ambao wataalamu watatu hawakuupata, kwa kuwa linaacha kuuliza kama maji ni mazuri na kuanza kuuliza ni wapi, lini na kwa dozi gani. Kwa maswali hayo, kiasi kamili cha kaboni hakina maana kubwa. Chenye maana ni tofauti kati ya sehemu mbili, au kati ya wiki hii na iliyopita, kwenye sehemu moja. Hata Umoja wa Ulaya, wenye maabara tele, katika maagizo yake ya maji ya kunywa haukuweka namba yoyote ya jumla ya kaboni ogani, bali uliandika kwamba pasiwepo badiliko lisilo la kawaida, na ukaongeza kwamba mitambo inayotoa chini ya mita za ujazo 10,000 kwa siku haina haja ya kukipima. Shirika la Afya Duniani nalo halina kikomo chake. Aliyetegemea kwamba kipimo hiki kitagawa maji ya dunia kwa mstari mmoja kati ya yafaayo na yasiyofaa atakuwa amekisoma vibaya. Ni kipimo cha kufuatilia mwendo, na mwendo haufuatiliwi kwa sampuli moja iliyochukuliwa siku mgeni alipotembelea.

Linabaki suala la mashine. Inahitaji umeme usioyumba, kwa kuwa tanuri lake halipendi kuzimwa na kuwashwa. Inahitaji oksijeni au hewa iliyosafishwa, maji safi kupindukia ya kuoshea, chumvi ya ftaleti ya kulinganishia, na kichocheo kinachochakaa, tena huchakaa haraka zaidi chumvi zinapokuwa nyingi, kama zilivyo Kivu. Kila kimoja kati ya vitu hivyo kilikuwa kigumu kukifikisha Goma hata wakati ndege zilipokuwa zikitua, na uwanja wa ndege ulifungwa Januari 2025. Mkemia anajibu kwamba chupa ya kioo iliyooshwa vyema, yenye sampuli iliyotiwa asidi na kuwekwa baridi gizani, huvumilia siku kadhaa za safari hadi mahali penye mashine, na jibu hilo ni sahihi. Lakini sampuli za safari zitakuwa chache, na uchache huo ndio unaoua ufuatiliaji.

Mhandisi ndiye anayeleta njia ya kati, nayo ni ya zamani. Kipimo cha permanganeti, ambacho huchemsha sampuli na chumvi ya zambarau na kuhesabu ni kiasi gani cha rangi kimeliwa, hudai jiko la umeme, bureti, asidi na mtu mvumilivu. Hakioni mata ogani yote, lakini huona sehemu yake inayooksidika kwa urahisi, ambayo ndiyo jamaa ya karibu ya ile inayokula klorini. Maagizo ya Ulaya yanakipa kikomo cha miligramu 5 za oksijeni kwa lita, na yanakubali kwamba anayepima jumla ya kaboni ogani hahitaji kukifanya, jambo linaloonyesha kwamba viwili hivyo huchukuliwa kuwa vya ukoo mmoja. Chepesi zaidi ni jaribio la ndoo: ndoo kadhaa za maji yaleyale hutiwa dozi za klorini zinazopanda hatua kwa hatua, husubiriwa nusu saa, na katika Kivu inafaa kusubiri zaidi kwa sababu ya pH, kisha huangaliwa ni ndoo ipi ya kwanza yenye klorini iliyobaki ya kutosha. Majeshi yamelitumia jaribio la namna hiyo tangu Vita Vikuu vya Kwanza, na watoa misaada wa leo wanalijua. Hilo, kwa kweli, ni kipimo cha mata ogani kilichovaa nguo za kazi.

Mkemia: Jaribio la ndoo haliwezi kutofautisha mata ogani na madini yanayokula klorini.

Mhandisi: Haliwezi, lakini humwambia mhudumu wa ufukweni ajaze sindano kiasi gani asubuhi hii.

Hukumu inayotolewa na makala haya, baada ya kuzipima sauti zote, haimnyimi mkemia mashine yake bali inaipangia zamu. La kwanza ni klorini iliyobaki katika kila kituo kila siku, na Escherichia coli kila wiki. Bila haya, hakuna kingine kinachostahili senti. La pili ni jaribio la ndoo kila maji yanapobadilika rangi au mvua kubwa inaponyesha, pamoja na kipimo cha permanganeti mara mbili kwa mwezi kwenye mdomo wa kila pampu na kwenye fuko zinazochotewa zaidi, kazi ambayo wanafunzi wa kemia wa Chuo Kikuu cha Goma wanaweza kuifanya kwa vifaa vilivyopo katika maabara yoyote ya kufundishia. La tatu, na hapo ndipo jumla ya kaboni ogani inapoingia, ni sampuli chache za kila mwaka zilizochaguliwa kwa akili, mbili wakati wa kiangazi cha Juni hadi Septemba ambapo upepo hulichanganya tabaka la juu na mwani hustawi, na mbili katika misimu ya mvua, zikitiwa asidi ya kutosha na kupimwa kwa njia ya kupuliza, ili zile namba za permanganeti na za ndoo zipate msingi wa kulinganishiwa na siku moja, mashine itakapofika, isianze na daftari tupu.

Kazi hiyo yaweza kuanza bila kungoja mradi mpya. Wenye dhamana ya maji ya Goma, wawe wa shirika la umma, wa mashirika ya misaada au wa chuo kikuu, wanaombwa jambo moja la kuanzia: matokeo ya klorini na ya ndoo yabandikwe ubaoni kwenye kituo chenyewe, kwa Kiswahili, yakiwa na tarehe na jina la ufuko, ili anayechota aweze kuyasoma kabla hajajaza bidoni.